Jumapili Ambayo Ufuo Ulinyamaza

Nyumba ya Bwana Maarten de Wit ilisimama juu ya kilima kidogo, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka Ufuo wa Kowino, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Aliijenga alipostaafu kazi ya uhandisi wa maji, akaiwekea baraza pana inayotazama ziwa, kwa kuwa alikuwa Mholanzi na Waholanzi hawana raha mahali pasipoonekana maji. Alidhani amenunua utulivu. Kumbe alikuwa amenunua kiti cha mbele katika karamu ambayo hakualikwa.

Huko kwao, alipokuwa kijana, kiangazi kilikuwa na mwanzo na mwisho. Watu walikwenda baharini mwezi wa saba na wa nane, wakasongamana mchangani kama dagaa waliotandazwa, kisha wakarudi makwao, na bahari ikaachwa ipumzike miezi kumi. Hapa kiangazi hakikuwa na tarehe. Kilifika kila Jumamosi saa nne asubuhi, kikaondoka Jumapili jua likizama, na wiki iliyofuata kikarudi na ndugu zake. Mabasi ya shule yalikuja, na wanafunzi wa chuo kutoka Maseno, na vikundi vya maombi vilivyovaa kanzu nyeupe vikibatizana hatua ishirini tu kutoka kwa vijana waliokuwa wakiosha pikipiki majini. Wapiga picha walimkimbilia kila msichana aliyevaa gauni jipya. Watoto walielea juu ya mipira ya matairi ya trekta. Kila banda la samaki lilikuwa na spika yake, na kila spika ilikuwa na wimbo wake, na hakuna mwenye banda aliyekubali kushindwa na jirani.

Bwana Maarten aliketi barazani na kuyatazama yote hayo kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani wakiingia katika mahindi yake. Mara mbili aliandika barua kwa kamati ya ufuo. Mara mbili alijibiwa kwa heshima kubwa kwamba barua imepokelewa.

Mkewe, Lornah Ajwang', aliutazama ufuo ule ule kwa macho mengine. Alizaliwa pale. Mama yake alikaanga samaki pale mpaka mikono ikashindwa kuinua karai. Lornah alisomeshwa na wamisionari, akawa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na minne, akawafundisha watoto wa wavuvi kusoma na kuandika, hata ikawa nusu ya wanakamati wa ufuo, walipotia sahihi, walitia kwa mwandiko wake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mwalimu, na neno hilo lilimtosha.

Sasa Mwalimu alikuwa kitandani. Saratani ya ini iligunduliwa mwezi wa kumi, wakati ambapo hapakuwa na la kufanywa ila kuipunguzia makali. Mwezi wa pili ulipoingia, na jua la kabla ya masika likichoma kama pasi, daktari alimwita Bwana Maarten kando na kumwambia ahesabu majuma, asihesabu miezi. Alirudi nyumbani, akakihamishia kitanda cha mkewe katika chumba kinachotazama ziwa, akafunga dirisha.

Na vita vya dirisha vikaanza. Yeye alilifunga, na muuguzi, binti wa Bungoma aliyeitwa Nasipwondi, akalifungua kwa amri ya mgonjwa.

"Baba Gordon," Lornah alisema Jumapili moja, kwa maana mtoto wao wa pekee, Gordon, alikuwa Rotterdam, na kwa jina la mtoto huyo ndivyo alivyomwita mumewe. "Dirisha hilo umelifunga tena."

"Kelele zitakunyima usingizi."

"Usingizi wangu uko mbele, na ni mrefu. Fungua."

Alifungua. Kelele ziliingia pamoja na harufu ya mafuta ya moto. Lornah aliinua kidole chembamba kama penseli.

"Huyo anayeita abiria wa mashua ni Wechuli. Tangu darasa la pili hajajifunza kusema polepole. Na hao wanaocheka ni wageni. Watu wetu hawacheki hivyo kabla ya kula."

Bwana Maarten hakusikia Wechuli wala wageni. Alisikia zogo moja tu, kama kinu kinachosaga mawe.

Siku hiyo, kama kila Jumapili baada ya ibada ya kwanza, alikuja Milka, mdogo wake Lornah, mjane aliyerithi karai la mama yao na mahali pake pale ufuoni. Alikuja na kipande cha samaki wa ngege kilichofungwa kwa karatasi, ingawa alijua dada yake angekionja tu kwa ncha ya ulimi.

"Mwalimu, umebaki macho na mdomo," Milka alisema, akiketi kitandani bila kukaribishwa.

"Mdomo ndio ulionilisha. Uache ubaki."

"Hata juzi nimesema kwa watu, huyu dada yangu akifika mbinguni atauliza nani yuko zamu."

Lornah alicheka mpaka akashika ubavu, na Bwana Maarten akainuka kwenye kiti chake kwa hofu. Alipopata pumzi, Lornah alisema, "Jumapili ijayo niwekee kiti."

"Kiti wapi?"

"Pale chini. Kando ya karai, mahali mama alipokuwa akikaa. Nataka kushinda huko siku nzima. Nataka kuona watu, Milka. Nimechoka kuwasikia tu."

"Utanuka mafuta."

"Nimenuka dawa vya kutosha."

Milka alimgeukia shemeji yake. Hakuwa tena akitania. "Shemeji, utamteremsha?"

"Tutaona," alisema Bwana Maarten.

Hilo ndilo jibu la mtu aliyekwisha kukataa, lakini hataki aonekane amekataa. Milka alilipokea kama ahadi, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Lornah alimtazama mumewe kidogo, kisha akafumba macho. Alikuwa na Jumapili chache mno za kugombania, naye alikuwa amechagua hii moja.

Ni haki isemwe kwamba Bwana Maarten alimpenda mkewe. Alimpenda miaka thelathini na mmoja, hata ndugu zake wa Uholanzi walipoacha kumwandikia. Lakini usiku ule, na siku iliyofuata, kila alipoifikiria Jumapili ile aliona simu mia zikiinuliwa kumpiga picha mwanamke aliyekonda, aliona mavumbi, na mikono isiyonawa ikimshika. Na chini ya hofu hizo zote palikuwa na jambo jingine ambalo hakulitamka hata moyoni mwake: siku zilizosalia zilikuwa chache, na hakutaka kuzigawa na watu.

Jumatatu alishuka kwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Nicodemus Ooko. Alimkuta katika banda la mabati ambamo samaki hupimwa alfajiri, akifunga daftari.

"Mzee," Nicodemus alisema, akimsogezea ndoo iliyopinduliwa ili akae. "Kama ni barua ya tatu, ile ya pili hata hatujamaliza kuisoma."

"Si barua. Ni mke wangu."

Uso wa Nicodemus ulibadilika. Akavua kofia.

"Kelele za mwisho wa juma zinamuumiza," Bwana Maarten alisema. "Naomba Jumapili hii moja tu, muziki upunguzwe. Apumzike."

Nicodemus aliliweka daftari kando. "Mzee, wacha nikuambie ukweli. Kama ni wewe unaomba, nitakuambia weka pamba kwa masikio, na tutabaki marafiki. Hawa akina mama wanangoja Jumapili wiki yote. Lakini Mwalimu ni Mwalimu. Mimi huyu alinichapa fimbo tatu nikiwa darasa la nne, kwa sababu ya kelele. Nilidhani alimaliza." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwisha. "Ni yeye mwenyewe amesema?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na ilikuwa pana, mchana kweupe. Bwana Maarten aliiona.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye mwenyewe."

Nicodemus aliinamisha kichwa. "Sawa. Lakini mambo ya muziki hayana nusu, Mzee. Nikimwambia huyu apunguze, yule ataongeza. Kama ni kunyamaza, sisi tunajua namna moja tu. Nitaita kamati."

Bwana Maarten hakuuliza namna hiyo moja ilikuwa ipi. Alikuwa ameishi Kisumu zaidi ya miaka thelathini, lakini mingi katika hiyo aliishi mjini, na katika miaka minne ya kukaa kilimani pale ziwa halikuwa limefanya jambo la kumfundisha. Alimshukuru mwenyekiti, akapanda nyumbani mwepesi wa miguu. Juma lile lote Lornah aliposema habari za Jumapili, aliitikia kwa kichwa.

Jumapili ilipofika, Bwana Maarten aliamka, akasikia ndege. Alisimama barazani na kikombe cha kahawa, asiamini. Mashua zote zilikuwa zimevutwa nje ya maji na kupinduliwa mchangani, matumbo juu. Nyavu zilikuwa zimekunjwa. Hakuna moshi uliopanda kutoka banda lolote. Penye lango la kuingilia magari, Wechuli alisimama amefunga mikono kifuani, na kila gari lililotoka mjini lilizungumza naye kidogo, likageuka, likaenda kutafuta ufuo mwingine. Ziwa lilikuwa tambarare na tupu, kama lilivyokuwa siku ya tatu ya uumbaji.

Moyo wake ulijaa. Alifikiri: nimempa zawadi. Alifikiri kwamba ataketi naye mchana kutwa, dirisha likiwa wazi, wala hatakuwepo mtu wa tatu. Kuhusu kushuka ufuoni angemwambia kwamba wafanyabiashara wameamua kupumzika, ndiyo bahati. Alinyoa ndevu, akabadilisha shati, akaingia chumbani.

Lornah alikuwa ameketi, ameegemezwa mito. Nasipwondi alikuwa amemvika gauni la buluu alilokuwa akilivaa siku za kufunga shule, akamfunga kitambaa kichwani. Viatu vyake vilikuwa tayari sakafuni, vimepigwa rangi. Lakini hakuwa akivitazama. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, nao ulikuwa na hofu ambayo mumewe hakuwahi kuiona, hata siku ile ya daktari.

"Nani amezama?" aliuliza.

"Hakuna aliyezama."

"Usinifiche, Baba Gordon. Mimi si mtoto. Ni mtoto wa nani?"

"Lornah, hakuna. Ni siku tulivu tu."

"Nasipwondi ameniambia mashua zimepinduliwa."

Ndipo Nasipwondi, ambaye hakujua kunong'ona, alipomweleza Bwana Maarten yale ambayo kila mtoto wa ufuo ule aliyajua. Ziwa likimchukua mtu, mashua hutolewa majini na kupinduliwa. Hakuna anayevua, hakuna anayewasha moto wa biashara wala anayepiga ngoma, mpaka ziwa limrudishe mtu huyo na ndugu zake wamchukue. Ufuo haunyamazi kwa sababu nyingine yoyote. "Mimi si wa huku, ni Mbukusu," alimaliza, "na hata mimi najua. Wewe hukujua?"

Lornah alikuwa amemgeukia mumewe. Alikuwa mwalimu, na alimuuliza kama mwalimu anavyomuuliza mtoto aliyeiba chaki, swali moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti.

"Nani alikwenda kwa Nicodemus?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Nicodemus hawezi kufunga ufuo kwa neno lako. Ulimwambia nini?"

Alitazama sakafu, akaviona vile viatu.

"Ulimwambia ni mimi niliyesema."

"Ndiyo."

Lornah alifumba macho. Kisha alisema, "Basi wamekwisha kunililia. Nami nipo hapa, nimevaa, nasikia."

"Nilitaka siku hizi ziwe zetu."

"Zetu nani?" aliuliza. Akaendelea: "Ndiyo maana Milka hakuja asubuhi. Ameambiwa dada yake hataki watu. Amekiondoa kile kiti." Sauti yake ilibaki imenyooka. "Maarten, miaka yote hii nimekutafsiria watu hawa. Nilidhani unanisikiliza."

Hakuwa akimwita kwa jina lake la ubatizo ila katika mambo ya kaburini na ya mahakamani.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Nenda ukaseme kwa mdomo wako kwamba ulidanganya. Mwambie kila mtu uliyemdanganya. Na uniletee Milka."

Alishuka kilima. Njia aliyoipitia Jumatatu kwa wepesi ilikuwa sasa ndefu, na jua lilikuwa kali. Nicodemus alikuwa ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa pamoja na wazee wawili, na Wechuli alikuwa amerudi kutoka langoni. Walisimama walipomwona, wakavua kofia, kwa kuwa walidhani amekuja kuwaambia kwamba yamekwisha.

"Yu hai," alisema upesi. "Hakuomba anyamazishiwe ufuo. Ni mimi niliyeomba. Nilisema ni yeye. Nilidanganya."

Mawimbi madogo yaligusa mchanga, yakarudi.

"Kwa hivyo Mwalimu hajatufukuza," alisema Nicodemus hatimaye, taratibu.

"Hapana. Alitaka kushuka leo. Alitaka kuwaona."

"Jana sikulala, Mzee. Nilikuwa najiuliza, tumemkosea nini huyu mama? Hata bibi yangu aliniuliza. Tumemkosea nini?" Alipangusa uso kwa kofia yake. "Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa. Sasa una mvi, nitakuchapa vipi?"

Wechuli alicheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Milka yuko wapi?" aliuliza Bwana Maarten.

"Milka alikwenda Port Victoria jana, kwa binti yake. Alisema kama dada yake hataki sura ya mtu, basi na yeye hatalazimisha. Simu amezima. Akikasirika anazimanga, hata sisi tunajua."

Bwana Maarten alitoa funguo za gari lake, akampa Wechuli akamlete, na Wechuli akaondoka bila kuaga. Na Nicodemus, ambaye hakuwa mtu wa kuliacha kosa likae pale lilipoangukia, alianza kulirudisha nyuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Aligeuza mashua mbili, akazisukuma majini. Akaamuru moto uwashwe. Akapiga simu kwa akina mama, lakini wengi walikuwa wamekwenda kwa jamaa zao, au kanisani huko mjini, na wateja walikuwa wamekwisha kula kwingine. Alimpata kijana mmoja mwenye spika, akamwambia aipige kwa sauti yote. Kisha akachukua wanaume wanne na kiti cha mbao chenye mikono, akapanda nao kilimani ili wambebe Mwalimu.

Walisimama mlangoni pa chumba chake wakiwa wamevua viatu, wazee wenye wajukuu, wamejipanga kama darasa.

"Nicodemus," Lornah alisema, "bado unapinda mgongo. Simama wima."

"Ndiyo, Mwalimu." Akasimama wima, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyafuta. "Tumekuja kukubeba. Ufuo umefunguka. Sikia muziki."

Lornah alisikiliza. Kule chini spika moja ilivuma peke yake, na kati ya ubeti mmoja na mwingine hapakuwa na sauti ya mtu, wala kicheko, wala mtoto aliyelia kwa kunyimwa soda.

"Huo muziki hauna watu," alisema.

"Watakuja, Mwalimu."

"Najua watakuja. Jumapili ijayo." Alisema hivyo kwa upole, ili asiwaaibishe, na kila mmoja chumbani mle alijua anachofanya. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akiwataja kwa majina yao na ya mama zao. Walipokuwa wakitoka alimwita mwenyekiti. "Asante kwa kunitii. Hata kama aliyeomba hakuwa mimi."

Jioni Wechuli alipiga simu kutoka Port Victoria. Milka alikuwa amekwisha kuvuka kwenda kisiwani, kwenye kumbukumbu ya shemeji yake mmoja, na mashua ya kurudi ilikuwa Jumanne asubuhi. Huko simu haikushika. Wechuli alikuwa ametuma mtu na ujumbe. Atalala pale, amngoje.

Jumatatu hali ya Lornah ilianza kuteremka. Gauni la buluu lilivuliwa. Alimeza maji kwa kijiko, na katikati ya vijiko alimwita mdogo wake. Bwana Maarten alikaa kando yake, ameushika mkono ule mwembamba. Alikuwa amepata alichokitaka: chumba kitulivu, na yeye peke yake na mkewe. Ufuo haukupiga hata filimbi, maana ilikuwa siku ya kazi. Kila jina lile lilipotajwa, alijibu, "Anakuja," na safari hii hakuwa anadanganya, ingawa haikuwa na faida. Jua lilipoelekea kutua, sauti ikakauka, ikabaki midomo. Jumanne saa tatu asubuhi na midomo nayo ikatulia.

Milka alifika saa saba mchana. Alikuwa amesikia habari mara mbili njiani: uongo wa shemeji yake aliusikia kutoka kwa Wechuli walipokuwa Port Victoria, na kifo alikisikia kwenye kituo cha mafuta karibu na Bondo, simu ilipomfikia. Akina mama wa ufuoni walikuwa wamekwisha kujaa ndani, na kilio chao kilitoka kwa kila dirisha. Milka hakuingia. Alisimama mbele ya baraza, vumbi la safari likiwa limemfunika mpaka kope, akamtazama Bwana Maarten aliyeinuka kumpokea.

"Aliniita?" aliuliza.

Bwana Maarten aliyaona majibu mawili. Moja lilikuwa laini: kwamba alilala tu, hakumtaja mtu, alikwenda kwa amani. Lingempunguzia mwanamke yule mzigo, naye angeubeba peke yake, na huenda wengine wangeliita huruma. Lakini jibu alilompa Nicodemus Jumatatu ile nalo aliliita huruma.

"Alikuita," alisema. "Tangu Jumapili mchana hadi jana jioni, sauti ilipomwisha."

"Aliniita kwa jina gani?"

"Si Milka. Alisema *nyamera*."

Milka hakuhitaji kuambiwa maana ya neno hilo la Kijaluo: dada yangu. Wadogo kwa wakubwa huitana hivyo, tangu wakilala mkeka mmoja. Milka alilirudia kwa midomo bila sauti. Kisha aliuweka mzigo wake chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unakuja."

"Nilikuwa nakuja," alisema Milka. "Nilikuwa nimekasirika tu. Kukasirika si kitu. Ningekuja Jumatano na mdomo mrefu, angenitukana kidogo, ingeisha."

"Najua."

"Hujui, shemeji. Ungekuwa unajua hungefanya." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei. "Sasa nipishe. Na usikae karibu na mimi leo. Labda siku nyingine, sijui. Leo usikae."

Alimpisha. Milka aliingia, na kilio ndani ya nyumba kikapanda juu, kikavuka ua, kikateremka mpaka majini, na kule chini watu waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaziacha.

Mchana kutwa walipanda. Walikuja wavuvi na wauza samaki na wapiga picha, walikuja wanafunzi wake wa zamani waliokuwa sasa na matumbo na miwani, wakaujaza ua, wakaijaza baraza, wakakaa mpaka juu ya ukuta. Bwana Maarten alisimama penye ngazi, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupita bila kumwona. Kila aliyemnyoshea mkono wa pole aliushika, na kabla hajauachia alimwambia maneno yale yale, kwa Kiswahili chake kizito: kwamba siku ya Jumapili Mwalimu hakuwafukuza, kwamba alikuwa amevaa akiwangoja, kwamba aliyesema uongo ni yeye. Wengine waliinamisha kichwa. Wengine waliuondoa mkono wao, wakaingia ndani. Hakuuliza ni wangapi. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kufika penye ngazi, naye akaanza tena.